Mabua ya Haneti: Historia ya Matandazo katika Nchi Kame

Neno matandazo limetokana na kutanda na kutandaza, vitendo vya mkeka na kitanda, nasi twaona kwamba mabwana shamba walichagua vema walipolitumia kwa kazi ya bustani. Nyasi, majani makavu au mabua hulazwa juu ya udongo ili jua lisiuchome na matone ya mvua yasiupige. Katika insha hii twataka kulitazama jambo hili mahali ambapo lina ugumu wake, yaani Haneti, kaskazini ya mji wa Dodoma katika Wilaya ya Chamwino. Wachimbaji wanaijua Haneti kwa jiwe lake la kijani liitwalo krisopresi. Sisi tunavutwa zaidi na mabua yake ya mtama.

Wako wasemao kwamba kufunika udongo ni elimu iliyotoka ng'ambo pamoja na vitabu vya kilimo hai. Usemi huo unawanyima wazee wetu haki yao. Wahaya wa Kagera tangu zamani walikata nyasi za rweya, yaani mbuga iliyo nje ya makazi, wakazitandaza chini ya migomba ya kibanja. Wamatengo wa Mbinga hufyeka nyasi penye miteremko mikali, huzipanga katika miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Hivyo hupatikana ngoro, mashimo yanayozuia maji yasiporomoke na ardhi. Nao Wafipa walizika nyasi ndani ya vichuguu vya udongo wakapanda juu yake. Mwanafunzi aonaye kwamba mambo haya hayafanani sana asikosee: yote ni njia za kuurudishia udongo kile ulichokitoa.

Lakini Kagera na Umatengo zina mvua ya kutosha, na nyasi huko huota upesi kuliko mkono unavyoweza kufyeka. Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Ukulima wa Ugogo ulijipanga kulingana na hali hiyo. Mkulima alipanda mtama na uwele, na mara nyingi aliberega, yaani alifyeka na kuchoma, kisha akapanda mbegu bila kuigeuza ardhi. Moto uliondoa takataka ambazo zingeufunika udongo, ila kutolima nako kulikuwa na faida yake, kwani udongo usiotifuliwa haupeperushwi upesi. Rutuba ilitafutwa penye mazizi ya zamani, ambako samadi ya miaka mingi ilikuwa imelala. Nyumba ya tembe, kwa upande wake, iliezekwa kwa miti, fito na nyasi, na juu yake ukawekwa udongo. Paa lilivishwa vizuri kuliko shamba!

Kwa nini basi mabua hayakubaki shambani? Jibu liko katika ng'ombe. Mavuno yakiisha kuingizwa ghalani, shamba la mtu hugeuka kuwa malisho ya wote. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huingia humo, hula majani ya mabua, na hudondosha samadi wakipita. Mtu wa mbali aweza kuita desturi hiyo uzembe. Sisi hatukubaliani naye, kwani katika nchi ambayo mvua hukosekana mara kwa mara, ng'ombe ndiye ghala litembealo. Mwaka wa njaa hubadilishwa kwa nafaka. Wagogo waliyaonja hayo katika njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, na ukame ukafuata. Watu wengi walikufa, wengine wakatawanyika. Aliyebakiwa na mnyama alikuwa na kitu cha kuuza. Kwa hiyo amwambiaye mfugaji wa Haneti aache mabua yaoze chini amemwomba sehemu ya akiba yake, na hapana budi alijue hilo kabla hajafungua mdomo.

Dharau ya udongo mtupu ilidhihirika karibu na hapo, Kongwa, ambako Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga mwaka 1947. Matingatinga yaling'oa pori, na ardhi iliyovuliwa hivyo ikakauka ikawa ngumu kama sakafu, hata karanga zikashindikana kung'olewa. Mpango uliachwa mwaka 1951.

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwaleta watu pamoja vijijini, wakapata shule, zahanati na maji. Hata hivyo kaya ambayo zamani iliweza kuhama na kuliacha zizi lake liwe shamba sasa ilikaa mahali pamoja, na mashamba ya karibu yakalimwa kila mwaka. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka, kilometa za mraba 1,256. Nyasi zilirudi. Wenye mifugo walilipa gharama ya nyasi hizo, na baadaye ng'ombe wachache wa maziwa wakaruhusiwa kulishwa mabandani.

Somo la Kondoa twaweza kulileta katika bustani ya mboga bila kumwondoa ng'ombe yeyote. Bustani ni ndogo. Mabua ya kona moja ya shamba yaweza kuitosha, na hayo mengine yakabaki ya mifugo. Katika nchi kame tuta lililoinuliwa hukauka upesi. Afadhali jaruba lililozama kidogo, lenye samadi iliyooza. Mchicha na nyanya zikishashika mizizi, mabua yakatwe vipande na kulazwa kwa kina cha vidole vinne, yasigusane na shina. Mabua mabichi ya mtama yasiwekwe juu ya mbegu, kwa kuwa yana utomvu unaozuia baadhi ya mbegu kuota. Wala yasifukiwe kabla ya kuoza, kwani hapo huinyang'anya miche naitrojeni. Mchwa watakuja, hilo halina shaka. Basi matandazo yakaguliwe kila siku, na yaongezwe yanapoliwa. Ndoo iliyokuwa ikimwagwa kila jioni itatosha kwa muda mrefu zaidi, na kwa mama achotaye maji kisimani katika mchanga wa mto hiyo ni safari iliyopungua.

Inabaki haki ya mabua. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, na mkutano wa kijiji waweza kukubaliana ni sehemu gani ya shamba isiingizwe mifugo baada ya mavuno. Shule zenye bustani zingefaa kuwa za kwanza kuliuliza swali hilo, mwezi wa Juni, kabla wanafunzi hawajaenda likizo na lango la ua wa miiba halijaachwa wazi kwa mbuzi.