Ngoma, Foni na Ujumbe wa Kundi: Kutoka Yakusu hadi Mitwaba

Wanaoandika historia ya mawasiliano nchini Kongo huanza, kwa kawaida, na posta na simu za waya za wakoloni, wakaishia kwenye minara ya simu za mkononi. Mpangilio huo unaacha swali la msingi: ujumbe hulifikiaje kundi zima pale pasipo waya wala mnara? Makala haya yanadai kwamba jibu halianzii kwenye chombo. Linaanzia kwenye jina ambalo kundi hulitambua, na kwa mtu wa katikati anayekubali kupokeza.

Mfano mashuhuri ni wa Walokele wa kandokando ya Mto Kongo, karibu na Kisangani. John F. Carrington, mmisionari aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zisemazo. Ngoma ya gogo ilitoa sauti mbili, ya juu na ya chini, zikifuata toni za lugha. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilezile, mpigaji hakutoa neno tupu bali kifungu kirefu kilichozoeleka. Kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, na habari za msiba au mieleka zilikitangazia kijiji kizima. Aliyekuwa mbali alipokezewa na mpigaji wa njiani.

Wahandisi wa redio zinazohamahama walikabili tatizo hilohilo. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kila chombo kikirudia kila kinachosikia, mawimbi hugongana na ujumbe hupotea. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilibuniwa njia iitwayo ODMRP: mtumaji huliita kundi, wanakundi hujibu, na vyombo vilivyo kati yao tu ndivyo hupokeza. Kwa kuwa vyombo havitulii mahali pamoja, mwito hurudiwa tena na tena.

Turudi sasa Katanga. Katika maeneo kama Mitwaba, kaskazini mwa Lubumbashi, kwa miaka mingi habari zilisafiri kwa foni, yaani redio ya masafa marefu isiyohitaji mnara. Waliofungua masafa yale walisikia wote, na kituo cha kati kiliweza kumrudilia asiyesikia. Hata hivyo, foni iliita kituo, si mtu. Mapigano ya miaka ya 2005 na 2006 yalipowatawanya wakazi wa Mitwaba, Manono na Pweto, eneo lililoitwa «pembetatu ya mauti», kijiji kiliondoka, kituo kikabaki. Ngoma ingaliweza kumwita mkimbizi kwa jina. Foni ilihitaji mtu wa kwenda kumtafuta.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wanaisimu. Waluba nao walikuwa na ngoma za gogo za kupelekea habari, na Kiluba ni lugha ya toni. Kiswahili, tunachokizungumza Lubumbashi, hakina toni; hakiwezi kupigwa kwa namna ile. Kijana aliyelelewa kwa Kiswahili pekee ataisikia ngoma bila kuisoma.

Kwa hiyo, kuyakusanya majina ya ngoma wakati wazee wangali hai si kazi ya makumbusho. Minara itaongezeka, lakini itakapoanguka, kundi lisilojua jina lake halitaitika.