Kikulacho Ki Nguoni mwa Santuri

Sisi vijana tunaoota kuandika riwaya tunapenda kusema historia imo vitabuni. Imo, ndiyo. Lakini sauti ya Unguja ya mwaka 1928 haimo kitabuni, imo katika santuri. Mwaka huo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili chini ya nembo ya His Master's Voice. Shaaban Robert alituandikia wasifu wake, lakini kalamu haiimbi. Siti alifariki mwaka 1950. Kilichobaki ni zile sahani nyeusi, nazo zina adui.

Wengi watasema adui ni kuvunjika. Kweli, santuri za enzi hizo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, yaani utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka sakafuni, kwisha habari yake. Lakini kuna kifo kingine cha polepole, kisicho na kishindo.

Kwetu lipo sanduku la santuri alilotuachia babu. Mjomba anataka litupwe, eti linakula nafasi. Nilizitoa moja moja, nikaona ajabu. Zilizopoteza makava zilikuwa na vumbi tu. Zilizovaa makava ya karatasi ndizo zilizojaa mabaka meupe ya kuvu, na lebo zake zina madoa ya rangi ya chai. Kumbe karatasi kuukuu hunywa unyevunyevu wa pwani na kuushikilia, nao kuvu hula karatasi, gundi na mafuta ya vidole vyetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Usidhani ni shida ya mababu peke yao. Sidii zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, watu waliambiwa hiyo ndiyo sauti isiyochakaa. Basi baadhi ya zile zilizotengenezwa kiwandani Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993, zilianza kugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni. Vanishi yake haikuweza kuzuia salfa iliyokuwamo kwenye karatasi za kasha, na metali ya ndani ikaliwa. Nguo tena! Sidii ya namna hiyo haina dawa. Dawa ni kunakili muziki wake mapema, kabla haujaanza kukwaruza.

Santuri ya shelaki bado ina matumaini. Kuvu ipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umeziba pua na mdomo. Kisha tumia kitambaa laini chenye maji kidogo yaliyokenekwa, ukifuata mzunguko wa mifereji, wala usiloweshe lebo. Spiriti usiiguse kabisa, bwana, maana huyeyusha shelaki. Iache ikauke vizuri, ndipo uivalishe kava jipya, safi na kavu. Lile la zamani lihifadhi kando, nalo ni ushahidi. Zisimamishe santuri wima, mbali na sakafu, ukuta wenye maji na jua.

Madoa ya lebo usiyasugue. Hapo ndipo lilipo jina la mwimbaji, la wimbo na la kampuni, na karibu yake kuna namba zilizochorwa kwenye sahani yenyewe, ambazo mtafiti huzitumia kujua ilirekodiwa lini. Lebo ikifutika, sauti hubaki yatima: inaimba, lakini hujui ni ya nani.

Mjomba nimemwomba anipe muda. Kila jioni nachukua daftari na penseli, nanakili lebo moja baada ya nyingine. Nawe, mwandishi mwenzangu, uliza nyumbani kwenu kama kuna sanduku kama hili. Likiwapo, anza na zile zilizovaa makava.