Habari za Uongo Kutoka Nje: Sheria, Historia na Wajibu wa Waamini

Upotoshaji kutoka nje ni taarifa za uongo ambazo watu au serikali za nchi nyingine huzitunga na kuzisambaza kwa makusudi, ili kupanda hofu, chuki na mafarakano. Kwetu sisi waamini, jambo hili linagusa moja kwa moja Amri ya Nane ya Mungu.

Fundisho la historia

Taifa letu limekwisha kupitia jaribu hili. Tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji, nayo Tanzania ikawa ngome yake. Baadaye wapiganaji wake walifunzwa katika kambi ya Nachingwea. Mnamo Novemba 1964, Waziri wa Mambo ya Nje, Oscar Kambona, alitangaza kupatikana kwa nyaraka zilizodai kuwapo njama za Marekani na Ureno dhidi ya Tanzania. Baadaye ilibainika kwamba nyaraka hizo zilighushiwa. Kwa nini ziliaminika? Kwa sababu ng'ambo ya Mto Ruvuma kulikuwa na utawala wa Kireno uliotishia kweli. Uongo hustawi pale unapoegemea hofu iliyo ya kweli.

Hofu zetu za leo

Wakulima wa Nachingwea na Ruangwa huuza ufuta na korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia AMCOS na chama kikuu cha ushirika RUNALI. Wanunuzi wengi hutoka mbali, na mkulima hawaoni. Ujumbe wa simu unaodai kwamba wanunuzi wa ng'ambo wamejitoa, hata kama hajulikani aliyeutunga, waweza kumfanya mzazi auze mazao yake kwa kangomba kwa bei ya kutupa, na ada ya mtoto ikapotea.

Sheria na mipaka yake

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria ni ya lazima, lakini haitoshi. Mtungaji aliye nje ya nchi ni vigumu kumfikia. Aliye karibu ni jirani aliyesambaza. Tena, ikitumiwa pasipo busara, yaweza kumnyamazisha msema kweli, na penye ukimya wa ukweli uvumi hutawala.

Wajibu wetu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatuonya dhidi ya hukumu ya haraka, masengenyo na masingizio. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wa Siku ya 52 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mwaka 2018, aliufananisha upotoshaji na hila ya nyoka katika kitabu cha Mwanzo.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ndizo ngome yetu ya kwanza, kwa kuwa uongo wa mbali hutufikia kwa mkono wa mtu tunayemwamini. Kabla ya kusambaza ujumbe, tuulizane: Nani chanzo chake? Unachochea hofu gani? Nani atafaidika? Habari za bei tuzithibitishe AMCOS, za magonjwa katika zahanati, za Kanisa katika ofisi ya parokia. Na aliyekwisha kusambaza uongo aurekebishe mbele ya wale wale aliowatumia: huko ndiko kumrudishia jirani haki yake.