Chumba Karibu na Gati

Kijana mgeni akiniuliza apange wapi Dar es Salaam, simtajii mtaa. Namuuliza kwanza anafanya kazi wapi, anaingia saa ngapi, na akichelewa anakatwa nini. Bei ya chumba tunaizungumza mwisho. Maswali hayo nimeyarithi kwa watu waliohamia mji huu kabla sijazaliwa, na ukiyafuata kurudi nyuma utaelewa kwa nini Keko ilijaa watu wa bandari, kwa nini Manzese ilifurika, na kwa nini leo Mbagala haioneshi mwisho wake.

Baba yangu alitoka Utete, Rufiji, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akafikia kwa ndugu wa ukoo pale Kariakoo. Ndivyo wageni walivyofanya. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeufanyia mji huu utafiti mwaka 1956 na 1957, na kitabu chake kikatoka 1963, aliukuta utaratibu huo: mtu anashukia kwa jamaa au kwa mtu wa kwao, analala sebuleni, anatafutiwa kazi, ndipo anatafuta chumba chake. Kufikia ni suala la undugu. Kupanga kunaamuliwa na kazi.

Na kazi ya baba ilikuwa ukuli, ule wa kuchukuliwa kwa siku. Alfajiri vibarua walijaa getini, msimamizi akachagua genge lake, na hesabu ikitimia waliobaki walirudi mikono mitupu. Kwa mtu wa kazi hiyo, kukaa mwendo wa nusu saa kutoka gatini au mwendo wa saa nzima ndiko kula au kulala njaa. Akahama Kariakoo, akapanga Keko Magurumbasi.

Ile ndiyo nyumba niliyozaliwa. Nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mji huu: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, vingine akapangisha. Karibu wapangaji wote walikuwa watu wa bandari au wa reli, na faida ya jambo hilo sijaiona ikiandikwa popote. Meli ikifunga gati usiku, aliyetoka zamu ya usiku alipita ukumbini akigonga milango: kuna mzigo, amkeni. Aliyepanga mbali, hata kama alikuwa na nguvu kuliko wote, habari ile ilimfikia jua limeshatoka. Chumba cha Keko kilikuwa na giza na mbu wengi, lakini kilikuja na habari, na habari ilikuwa ujira.

Naamini ukaribu huo ulikuwa pia na nguvu yake katika siasa. Mgomo mkubwa wa 1947 ulianza kwa makuli wa Dar es Salaam, ukaifuata reli mpaka bara. Watu wanaokula uani pamoja hawahitaji tangazo la gazeti ili wakubaliane.

Upande wa pili wa habari hii ni serikali zilizotaka mfanyakazi akae mbali. Wajerumani waliufanya mji huu makao makuu yao mwaka 1891, wakaanza kuupanga kwa aina ya majengo: nyumba za gharama upande wa bahari, za udongo na makuti ndani kabisa. Waingereza wakaendeleza kwa kanda tatu, ambazo wenyeji tuliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa wazi eneo la Mnazi Mmoja. Zitazame kanda hizo kwa jicho la mtu anayekwenda kazini. Mfanyabiashara wa Kihindi aliweka duka chini na familia juu, hivyo safari yake ya asubuhi ilikuwa ngazi. Mzungu wa Oyster Bay alikuwa na gari. Mwafrika aliyemfulia mmoja na kumbebea mwingine magunia ndiye aliyevuka uwanja ule kwa miguu asubuhi na jioni. Wa nyumbani kwa Mzungu alipewa kibanda cha nyuma, akawa karibu na kazi saa zote ishirini na nne, na huo nao ulikuwa utumwa wa aina yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikajengwa nyumba za Waafrika huko Ilala, Temeke na Magomeni. Zilikuwa imara, na waliozipata walishukuru. Lakini Magomeni si jirani wa gati. Mabasi ya kampuni ya DMT yalianza mwaka 1949, na karani mwenye mshahara wa mwezi aliweza kuyapanda au kununua baiskeli. Kibarua wa siku hangeweza kulipa nauli ya kwenda kuambiwa kwamba leo hakuna kazi. Kwa hiyo kota zikawapata makarani na mafundi, makuli wakabaki Keko.

Uhuru ulileta Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Msajili wa Majumba akayapangisha, na kwa mara ya kwanza watumishi Waafrika wakakaa katikati ya mji, hatua chache kutoka ofisini. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinavuta watu upande mwingine. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo mwaka 1968, na wenye vyumba Manzese hawakukosa wapangaji tena. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 katika mji mzima. Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja katika miaka ya 1970, zikawapokea waliobahatika.

Mimi niliajiriwa ukarani bandarini mwaka 1978. Nilipooa, Keko ilikuwa imejaa, nami nilitaka vyumba viwili. Nikapanga Tandika, na sababu niliyompa mke wangu ilikuwa moja: gari linaanzia hapa. Mabasi yalikuwa ya UDA, shirika lililoanzishwa 1974, na maarufu kuliko yote yalikuwa yale marefu ya Ikarus tuliyoyaita kumbakumba. Anayepandia mwanzo wa gari anapata kiti. Anayesubiri njiani, hata kama yuko karibu zaidi na mji, anaona gari likimpita limeinama upande kwa uzito wa watu mlangoni.

Kufika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikauka, vipuri vikakosekana, na kumbakumba moja baada ya nyingine likaegeshwa. Hapo ndipo nilipoona thamani ya kuchagua mtaa ambao, gari likikosekana, miguu inaweza kukufikisha. Tulitoka Tandika kwa makundi kabla hakujapambazuka, tukipita Chang'ombe na Keko, kila mtu na viatu vya ofisini mkononi. Wenzetu wa Kimara hawakuwa na njia hiyo. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi, ambayo tayari yalikuwa yakibeba abiria kwa kujificha, na daladala zikawa halali, zikiwemo pikapu zenye mabenchi ya kutazamana tulizoziita chai maharage.

Daladala zilifungua mji. Zilipofika Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, viwanja vya huko viliuzika, kwa kuwa mtu aliweza kujenga pole pole na bado akafika kazini. Lakini zilileta pia desturi ya kugeuza: jioni abiria anapanda gari linalokwenda mwisho wa njia, kinyume na kwake, analipa nauli mara mbili ili ageuke nalo akiwa amekaa. Mama mwenye mtoto mgongoni anayelipa mara mbili kwa ajili ya kiti anatueleza juu ya mpango wa mji kuliko ramani yoyote. Nyumba yake ilikuwa nafuu kwa kodi, ghali kwa barabara.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kati ya Kimara na Kivukoni, na mwezi mmoja kabla yake lilifunguliwa daraja la Kigamboni. Madalali waliongeza maneno mapya katika tangazo la chumba: dakika chache toka kituoni. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 5,383,728 mkoani. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 2010, wakazi wengi wa Kurasini, jirani kabisa na bandari, walilipwa fidia wakapisha miradi. Wengine nawafahamu. Fidia iliwanunulia kiwanja mbali na mji, na mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kula mchana sasa anaamka saa kumi alfajiri.

Ninayo sababu ya kuamini kwamba si lazima iwe hivyo. Magomeni Kota zilipobomolewa, kaya 644 zilizokuwa zikikaa pale ziliahidiwa kurudi, na Machi 2022 maghorofa mapya yakazinduliwa kwa ajili yao, mahali palepale, jirani na barabara ya Morogoro. Nawaomba wakuu wa mji na wenye mamlaka ya ardhi wafanye hivyohivyo Keko, Ilala na Temeke: kabla nyumba moja haijabomolewa, andikeni majina ya wapangaji, siyo ya wenye nyumba peke yao, na ghorofa jipya likiisha waanze kurudishwa hao.