Rahisi kwa Nani?

Wiki hii nawaomba twende Japani. Huko kuna neno "kisha". Kwetu maana yake ni halafu. Kwa Wajapani, "kisha" yaweza kuwa mwandishi wa habari, yaweza kuwa gari moshi, na yaweza kuwa kurudi ofisini. Msomaji hababaiki, maana kila neno lina alama zake. Mwenye kazi ni mpiga chapa.

Sisi twaandika kwa herufi zisizofika thelathini. Wajapani, pamoja na herufi zao za sauti, hutumia alama nyingi zilizotoka China. Orodha ya serikali ya mwaka 1981 ilitaja 1,945 za matumizi ya kawaida. Utaziweka wapi kwenye mashine?

Mwaka 1915 Kyota Sugimoto alipewa hati ya uvumbuzi wa taipureta ya Kijapani. Ilikuwa na sinia la alama za chuma zipatazo 2,400, na mpiga chapa, aghalabu msichana, aliziokota moja moja. Mwaka 1978 kampuni ya Toshiba ikatangaza mashine yake, JW-10, kubwa kama meza, bei yake yen 6,300,000. Njia yake ilikuwa nyepesi: unapiga sauti, mashine inakuletea alama, nawe unachagua. Ukipiga "kisha", yakubidi useme kama ni mwandishi au gari moshi.

Hisao Yamada wa Chuo Kikuu cha Tokyo hakuridhika. Mwaka 1980 alichapisha makala ndefu kuhusu historia ya taipureta, akitafuta njia iwafaayo wapiga chapa wa Kijapani. Sisi tuliozoea taipureta tunaelewa hoja yake. Aliyebobea hatazami vidole. Macho yako kwenye karatasi na akili kwenye maneno. Mashine inayomsimamisha kila mara ili achague humkatia mwendo.

Kikundi chake kikaunda njia iitwayo T-code. Vitufe ni 40, na kila alama ina mapigo yake mawili. Arobaini mara arobaini ni 1,600. Hakuna kuchagua. Ila mapigo hayo hayahusiani na sauti ya alama wala umbo lake. Ni vidole kukariri, tena kwa mazoezi ya miezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wengi hawakuinama. Katika miaka ya 1980 bei zilishuka, mashine zikaingia majumbani, na mtu wa barua mbili kwa mwezi hakuona sababu ya kukariri mapigo mia kwa mia. Njia ya kuchagua ikatawala hadi kwenye simu za leo. T-code imebaki kwa wapenzi wachache.

Siwalaumu walioikwepa. Ninayemfikiria ni yule apigaye chapa kutwa, mwaka hadi mwaka. Naye alipewa chombo kilekile cha mwanafunzi wa siku moja. Miezi ya mazoezi ingemlipa kwa miaka ya kazi. Badala yake anachagua asubuhi, anachagua jioni, na jicho likiteleza, gazeti litasema gari moshi ndilo lililoandika habari.

Basi tukiletewa chombo tukaambiwa ni rahisi, tuulize: rahisi kwa nani, na kwa siku ya kwanza au kwa mwaka wa kumi?