Picha ya Mlango wa Silver Dollar

Kuna picha moja nimeiangalia mara nyingi mwaka huu. Ilipigwa Agosti 29, 1970, kwenye barabara ya Whittier Boulevard, Mashariki mwa Los Angeles. Askari ameelekeza bunduki ya vitoa machozi kwa mlango wa baa inaitwa Silver Dollar. Watu wamesimama hapo mlangoni. Siku hiyo, mkebe uliofyatuliwa ndani ya baa hiyo ulimpiga Ruben Salazar kichwani, akafa.

Salazar alikuwa mwandishi wa safu wa Los Angeles Times na mkuu wa habari wa runinga ya KMEX. Alikuwa ametoka kuripoti maandamano ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kupinga vita vya Vietnam. Watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamefika bustani ya Laguna Park kabla ya askari kuwatimua. Hilo jina "Chicano" zamani lilikuwa tusi. Vijana wakalichukua, wakajiita wenyewe.

Askari walisema waliarifiwa kuna mtu mwenye silaha ndani, na kwamba waliwaamuru watu watoke. Mashahidi wakasema waliamriwa warudi ndani. Hapo kwa kawaida kesi huwa imeisha: neno la askari dhidi ya neno la mtaa, na sote tunajua ni nani huaminiwa. Lakini Raul Ruiz alikuwa hapo na kamera. Picha zake zilitoka kwenye La Raza, gazeti la mtaani lililoanzishwa 1967 kwa chumba cha chini cha kanisa, Lincoln Heights.

Hakuna askari aliyeshtakiwa. Picha haikuleta haki, na sitadanganya ilileta. Ila tangu siku hiyo, maelezo ya askari hayakuwa tena maelezo pekee.

La Raza ilifungwa mwaka wa 1977. Picha zake, kama 25,000 hivi, sasa zimehifadhiwa na kituo cha utafiti wa Wachicano kwenye chuo cha UCLA. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kadi yangu ya maktaba ikafa siku hiyo hiyo. Picha hizi nimezionea kwa simu, ndani ya matatu. Kama zingekaa tu kwa kabati la wasomi, singezijua.

Na usidhani darasa litakuwekea historia yako. Jimbo la Arizona lilipitisha sheria mwaka wa 2010, na kufikia 2012 masomo ya historia ya Wamarekani wa Meksiko yakafungwa kwenye shule za umma za Tucson. Vitabu vikatolewa madarasani. Jaji wa shirikisho alikuja kuamua 2017 kwamba kulikuwa na ubaguzi wa rangi hapo. Miaka mitano! Mwanafunzi wa sekondari hangoji miaka mitano.

Lakini hata sanduku la harakati lina watu lilowaacha nje. Mwaka wa 1971, Anna NietoGomez na wenzake walichapisha gazeti la Hijas de Cuauhtémoc huko Long Beach, wakihoji jinsi wanawake walivyotendewa ndani ya harakati. Wanaume wa harakati hiyo hiyo wakawafanyia mazishi ya mzaha, wakiwa hai. Sasa nani angehifadhi karatasi zao? Walihifadhi wenyewe, nyumbani.

Ndiyo maana naupenda mradi wa Chicana por mi Raza, ulioanzishwa 2009 na Maria Cotera na Linda Garcia Merchant. Wanaenda na skana hadi kwa akina mama wenyewe. Wanarekodi sauti, wanapiga nakala za barua na vipeperushi, halafu karatasi inabaki na mwenyewe. Hakuna kubeba urithi wa mtu kwa gari.

Juzi nilifungua picha zangu za maandamano kwa simu. Ziko 312. Hakuna hata moja iliyoandikwa ni wapi. Ile ya Ruiz ina nguvu kwa sababu tunajua siku, barabara na mlango. So nimeanza na ya kwanza: tarehe, mtaa, saa. Majina ya watu nimeyaacha kwanza, mpaka niwaulize wenyewe.