"Huyu Ni Nani Wako?" Nilivyopeleka Watoto Zanzibar na Nikarudi na Historia

Wacha nianze na ukweli ndio usinikujie baadaye: mimi si profesa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na historia ninayoijua nimeisoma kwa vitabu vya kuazima na usiku mrefu kwa simu. Lakini Desemba iliyopita niliandamana na dada yangu na watoto wake wawili hadi Zanzibar, na nilirudi na kitu ambacho darasani sikuwahi kukipata. Mkubwa ana miaka saba. Mdogo ana minne na anaamini kila bahari ni ya Mombasa.

Mpango ulikuwa rahisi: kuogelea, kula urojo, kuona kobe, kupiga picha. Mimi nilikuwa mjomba wa kubeba mabegi, na ukweli usemwe, nilikuwa natafuta pia vidio za kuweka kwa ukurasa wangu.

Tulitoka Mombasa kwa basi, tukavuka mpaka pale Lunga Lunga. Yeyote amesafiri na watoto anajua hiyo hali. Mmoja anataka choo, mwingine amelala na ni mzito kama gunia la mahindi, na wewe umeshika pasipoti nne na kadi za homa ya manjano kwa mkono mmoja. Afisa wa uhamiaji akaangalia pasipoti ya mkubwa. Akasoma barua ambayo baba yao aliandika kuruhusu wasafiri. Halafu akainama mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akaninyooshea kidole.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni anko," mtoto akajibu. "Lakini hana pesa."

Foleni yote ikacheka. Mimi sikucheka sana. Nikajiambia huyu jamaa anatupotezea muda, kwani haoni tunafanana? Weka hilo swali kando kwanza, tutalirudia.

Kuna kitu vijana wa umri wetu hatukijui: hata kuvuka tu pale kulikuwa na wakati haiwezekani. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa 1967 na ikavunjika 1977. Mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Yaani kama nyanya yangu angetaka kupeleka wanawe Tanga kwa basi mwaka 1980, angefika mpakani na kurudishwa. Jumuiya ya sasa ni ya mkataba wa 1999. Sisi tunavuka na vitafunio mkononi tukidhani imekuwa hivi siku zote.

Siku ya kwanza Zanzibar ilikuwa ya raha tu. Usiku Forodhani, mishikaki, juisi ya miwa, watoto wanaruka majini. Ugomvi ulikuja siku ya pili, nilipotaka twende Mkunazini, penye palikuwa na soko la watumwa.

"Enda wewe," dada akaniambia. "Sisi tutabaki. Sitaki walale na ndoto mbaya."

Nikamwambia hatuwezi kuja mpaka huku tuone fukwe peke yake. Akaniambia siku nitazaa wangu nitawapeleka nipendako. Haki yake. Lakini mkubwa alikuwa amesikia neno moja tu kwa hayo mabishano yote: soko. Akadhani ni mahali pa kununua vitu. Akaanza kuuliza kama kuna wanasesere. Hapo dada akanyamaza, akavaa viatu, tukaenda wote.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee mmoja mpole wa kanzu nyeupe. Akamsalimia mkubwa, "Hujambo mwanangu?" Mtoto akajibu, "Poa!" Dada alitamani ardhi immeze. Mzee akacheka, akasema hao ni wa Kenya, hata hakuuliza. Dakika mbili baadaye wote wawili walikuwa wamefundishwa shikamoo, na mdogo akaisema kwa kila mtu mpaka kwa paka.

Pale pana kanisa kuu la Anglikana. Lilianza kujengwa 1873, mwaka soko lilipofungwa, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuwa askofu na pia mtu aliyeandika vitabu vya sarufi na hadithi za Kiswahili. Waongozaji husema madhabahu iko pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Husimulia pia kuwa kuna nguzo ambazo mafundi walizisimamisha juu chini askofu akiwa hayuko. Watoto walipenda sana hiyo ya nguzo. Mdogo aliinamisha kichwa mpaka akaanguka.

Halafu tukatoka nje, tukafika kwa sanamu.

Ni watu watano wamesimama ndani ya shimo, shingoni wana minyororo. Ilitengenezwa na msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Mkubwa akasimama ukingoni akaangalia kwa muda mrefu. Nikajua swali linakuja, na nilikuwa nimejiandaa kujibu kama mtu amesoma. Nina miaka, nina majina ya masultani. Akauliza:

"Walikuwa wamefanya makosa gani?"

Si unaona hiyo akili? Kwa mtoto wa miaka saba, mnyororo ni adhabu, na adhabu ni ya mwenye makosa. Hakuna mahali amewahi kufunzwa kwamba mtu anaweza kufungwa bila kosa lolote. Miaka yangu yote na masultani wangu wakayeyuka.

"Hakuna," nikasema. "Watu wengine walitaka pesa na kazi ya bure, ndio wakawakamata."

"Na watoto?"

Nikamwangalia dada. Nilidhani atabadilisha mada. Yeye ndiye alijibu. "Na watoto pia."

"Mama zao walikuwa wapi?"

Hapo hakuna aliyejibu.

Sasa wacha nijibu hapa, kwa nyinyi wakubwa, kile sikuweza kumwambia mtoto.

Kufikia 1840 Sultani Said bin Sultan alikuwa amehamisha makao yake kutoka Oman hadi Zanzibar. Unguja na Pemba zikajaa mashamba ya karafuu, na karafuu inataka mikono mingi. Pembe za ndovu nazo zilitoka bara zikaenda hadi Ulaya na Marekani, zikatengenezwa vitufe vya piano. Misafara iliingia ndani mpaka Ziwa Nyasa na Tanganyika na kurudi na pembe na watu. Na kabla ya Mkenya yeyote kujiweka mbali na hii hadithi: Malindi na Mombasa pia kulikuwa na mashamba yaliyolimwa na watumwa. Ilikuwa biashara ya watu wengi. Waarabu, Waswahili, Wayao, watu wa bara waliowauza majirani, Wahindi waliokopesha mtaji, Wazungu na Wamarekani walionunua bidhaa. Ukisikia mtu anailaumu kabila moja tu, jua amefupisha.

Na watoto walikuwa wengi. Mtoto ni rahisi kumchukua, ni rahisi kumficha kwenye jahazi, anasahau lugha yake haraka. Kuna picha zilizopigwa 1868 kwenye meli ya kivita ya Uingereza, HMS Daphne, za watu waliotolewa kwenye jahazi. Wengi ni watoto. Mbavu zinahesabika.

Mmoja wa watoto wa wakati huo tunamjua kwa jina. Anaitwa Swema. Alikuwa msichana wa Kiyao wa miaka kama kumi. Katika miaka ya 1860 alichukuliwa kulipia deni la mama yake. Mama hakukubali kuachwa. Akaomba kuufuata msafara na kubeba mzigo, ili tu awe karibu na mtoto wake. Njiani nguvu zikamwisha, akaachwa nyuma. Swema akafikishwa Kilwa, akapakiwa kwenye jahazi hadi Zanzibar. Alikuwa amedhoofika kiasi kwamba mwenye mali aliona hana faida tena. Akazikwa akiwa bado anapumua. Kijana mmoja alisikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka kwa watawa wa Kikatoliki, na huko akaishi.

Wamisionari ndio waliichapisha hadithi yake, na baadaye mwanahistoria Edward Alpers akaichunguza. Kama hadithi yoyote ambayo mtu mzima ameandika kwa niaba ya mtoto, isome ukikumbuka nani alishika kalamu. Lakini fikiria: kusafiri kwenda Zanzibar ukiwa mtoto. Swema naye alisafiri. Alivuka maji yale yale tuliyovuka kwa boti tukila biskuti.

Soko lilifungwa 1873. Juni 5, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba baada ya Waingereza kutishia kukifunga kisiwa kwa meli za kivita. Kitabuni hiyo ndiyo mwisho wa sura. Mtaani haikuisha. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar mpaka 1897, na kwa pwani ya Kenya mpaka 1907. Mtoto aliyezaliwa mtumwa Malindi siku soko linafungwa alikuwa na miaka zaidi ya 30 kabla sheria imwone kama mtu huru.

Mtu wa Mombasa, hili ni lako: unajua pale Kengeleni, ukielekea Nyali? Umeshuka hapo mara ngapi bila kujiuliza kengele ni ya nini? Mwaka 1875 wamisionari walianzisha kijiji cha Freretown cha watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi, wengi wao watoto ambao hakuna aliyejua pa kuwarudisha. Kengele ilipigwa kuwaonya wavamizi wakija kuwachukua tena. Mimi nimepita hapo miaka yote hiyo nikiwaza tu nauli.

Sasa dhambi yangu. Pale Mkunazini kuna vyumba vya chini, vifupi, vya giza, na wageni huambiwa ndimo watumwa walifungiwa. Nilirekodi vidio humo, sauti ya huzuni kabisa, nikaitupa mtandaoni kabla hata hatujafika hotelini. Ikatembea. Usiku nikaanza kusoma, nikakuta jengo lililo juu ya vile vyumba lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na kuna wanahistoria wanaosema vyumba ni vya enzi hizo za wamisionari, havikuwa vya watumwa. Nikaifuta vidio. Niliumia, siwadanganyi, juu ilikuwa inafanya vizuri. Lakini soko lilikuwepo, watu waliuzwa, Swema alizikwa hai. Ukweli uliopo unatosha, hauhitaji kuongezwa chumvi na mimi.

Siku ya mwisho tulivuka hadi kisiwa cha Changuu. Wanakiita kisiwa cha gereza, lakini gereza lililojengwa huko miaka ya 1890 halikupata kufunga wahalifu, liligeuzwa mahali pa kutenga wasafiri waliokuwa na magonjwa. Sasa hivi wenyeji ni kobe wakubwa, ambao kizazi chao cha kwanza kililetwa kutoka Seychelles 1919. Wameandikwa umri mgongoni. Mkubwa akasoma mmoja, ulikuwa zaidi ya miaka 150.

"Huyu alikuwa hai wakati wa wale watoto?"

"Kama hiyo namba ni kweli, ndiyo," nikamwambia. "Lakini labda alikuwa Seychelles."

Akamlisha jani, akamgusa shingo polepole. Akamwambia mdogo wake asipige kelele, kobe ni mzee na ameona mengi. Usiku huo alilala vizuri tu, bila ndoto yoyote mbaya. Dada ndiye alikaa nje kwa baraza mpaka saa sita, na aliporudi ndani akawafunika shuka mara mbili, na joto lote lile.

Tukirudi, tulifika Lunga Lunga jioni. Afisa mwingine, dirisha lingine, mwendo ule ule. Akainama. "Huyu ni nani wako?"

Safari hii sikukasirika. Nilisimama nikawaza vile barabara hizi na bahari hii zimepitisha watoto wengi walioshikwa mkono na watu wasio wao, na hakuna mtu hata mmoja aliyeinama kuwauliza hilo swali. Na bado kuna watoto wanavushwa mipaka kwa ahadi za shule ambazo hazipo. Kama foleni inachelewa dakika tano kwa sababu ya mtoto kuulizwa, basi ichelewe.

Kwa hivyo ukipeleka wadogo zako au wapwa zako nje ya nchi, wapeleke kwa fukwe, walishe mpaka waumwe na tumbo. Lakini wapeleke na penye panauma, saa moja tu. Jibu swali walilouliza, usijibu ambalo hawajauliza. Ukiwa hujui, sema hujui. Na usirekodi kabla ya kusoma, chukua hiyo kutoka kwangu.

Mkubwa alimjibu afisa, "Ni anko wangu." Kuhusu pesa hakusema kitu. Nadhani alinihurumia.